Wakati uliopo timilifu wa Kiingereza na kiambishi -me-: mahali vinapokutana na mahali vinapoachana

Wakati uliopo timilifu ni umbo la kitenzi cha Kiingereza linaloundwa kwa kitenzi kisaidizi *have*, au *has* kwa nafsi ya tatu umoja, kikifuatwa na kitenzi kikuu katika umbo lake la tatu: *have arrived*, *has sunk*, *have not been paid*. Darasani umbo hilo hulinganishwa na kiambishi -me- cha Kiswahili, ikaelezwa kwamba *amefika* ni *has arrived*. Ulinganifu huo una ukweli ndani yake, na mwanafunzi hana budi kuanza nao. Hata hivyo, mfasiri anayeushika kama kanuni isiyo na mipaka atakosea mara kwa mara, tena kwa makosa yasiyoonekana haraka, kwa kuwa sentensi atakazoandika zitakuwa sahihi kisarufi huku zikisema jambo jingine.

Makala haya yanaeleza kila kimoja kinasema nini, na namna ya kuchagua wakati wa kufasiri. Mifano imetungwa kutokana na maisha ya delta ya Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Huko kujaa na kupwa kwa maji, kufika na kutofika kwa vyombo, na hali ya mashamba baada ya mafuriko ni mambo yanayosemwa kwa -me-, -li- na -ja- kila siku. Si mambo madogo: kosa la kiambishi kimoja linaweza kulifanya dai la mtu aliye hai lisomeke kama habari ya kale.

Maana kwa ufupi

Kiambishi -me- hujibu swali hili: sasa hali ikoje? Tukio limekwisha kutendeka, na matokeo yake yapo wakati msemaji anaposema. Kitenzi kisaidizi *have* hujibu swali jingine: je, kipindi ambamo tukio limetokea kimefungwa, au kingali wazi hadi sasa?

Mara nyingi maswali haya mawili hupata jibu moja. Boti iliyofika sasa hivi ipo gatini, na kipindi cha kuingojea kinaishia hapa tulipo; kwa hiyo *Boti imefika* na *The boat has arrived* husema jambo lile lile. Ugumu huzuka pale maswali hayo yanapoachana: hali ipo lakini Kiingereza hakitaki *have*, au *have* ipo lakini Kiswahili hakitaki -me-.

Historia ya maumbo haya inasaidia kuielewa tofauti hiyo. Wanaisimu hukihusisha kiambishi -me- na kitenzi cha kale -mala, chenye maana ya kumaliza, kama vile -sha- ilivyotokana na *kwisha*. Wazo la msingi ni ukomo wa tendo na kile kinachobaki baada yake. Kiingereza kilianzia kwenye wazo la kumiliki: kuwa na kitu katika hali ya kuwa kimekwisha kutendwa. Baadaye umiliki ukafifia, ukabaki uhusiano wa jambo lililopita na wakati wa sasa.

Maji yamekupwa: -me- ya hali

Mto Rufiji hugawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala wa Kisiwa cha Mafia. Delta yake ina mojawapo ya misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Baina ya vijiji vingi vya huko njia ni maji, na saa ya safari huamuliwa na bahari. Sentensi nne zifuatazo zinatosha kuonyesha kazi ya -me-:

- Maji yanajaa. — *The tide is coming in.*
- Maji yamejaa. — *The tide is in.*
- Maji yanakupwa. — *The tide is going out.*
- Maji yamekupwa. — *The tide is out.*

Nahodha anayeambiwa *maji yamekupwa* hapewi habari ya jambo lililopita. Anaambiwa kwamba sasa hivi kina hakitoshi na kwamba akiondoka atakwama topeni. Kiingereza kinaweza pia kusema *The tide has gone out*, na hilo si kosa. Lakini kinachotangazwa katika Kiswahili ni hali, na tafsiri iliyo nyepesi zaidi ni ile yenye *is*.

Kundi la vitenzi vinavyofuata mwenendo huu ni kubwa. Humo mna vitenzi vya mkao wa mwili, vya mavazi na kubeba, na vya hali ya mwili au moyo:

- Amesimama ufukweni. — *He is standing on the shore.*
- Amekaa kwenye ngalawa. — *He is sitting in the outrigger canoe.*
- Mtoto amelala. — *The child is asleep.*
- Amevaa kofia ya ukindu. — *He is wearing a palm-leaf hat.*
- Amebeba tenga la samaki. — *She is carrying a basket of fish.*
- Nimechoka. — *I am tired.*
- Umeelewa? — *Do you understand?*

Mwanafunzi akiandika *He has stood on the shore*, msomaji wa Kiingereza hataona mtu aliyesimama mbele yake. Ataelewa kwamba mtu huyo aliwahi kusimama ufukweni wakati fulani maishani mwake. Kosa la upande wa pili ni la kawaida vilevile: *He is wearing a hat* kufasiriwa *anavaa kofia*. *Anavaa* ni mtu aliye katika kuivaa, mkono wake ukiwa bado kichwani. Aliyemaliza kuivaa *amevaa*. Kadhalika *anakaa Kibiti* ni mkazi wa Kibiti, ilhali *amekaa* pasipo maelezo mengine ni mtu aliyeketi.

Kauli ya kutendeka huongeza tofauti nyingine ambayo mfasiri hapaswi kuipoteza. *Kamba imekatika* inaeleza hali ya kamba pasipo kumtaja wala kumdokeza mkataji: *The rope is broken*. *Kamba imekatwa* inadokeza kwamba yuko aliyeikata: *The rope has been cut*. Katika maelezo ya tukio linalochunguzwa, kwa mfano mtumbwi uliochukuliwa na maji usiku, sentensi ya kwanza haimshuku mtu na ya pili inamshuku. Mfasiri akizifanya zote mbili kuwa *has been cut*, amemtia mtu katika kesi ambayo msemaji hakuifungua.

Tarehe: mahali Kiingereza kinapokataa

Kiingereza sanifu hakikubali wakati uliopo timilifu pamoja na kielezi kinachotaja muda uliokwisha kufungwa: *yesterday*, *last week*, *in 2003*, *two days ago*. Kiswahili hakina katazo hilo kwa ukali huo huo. Mtu akiulizwa wageni wake wako wapi, anaweza kujibu, *Wamefika jana*, akiwa na maana kwamba wapo, wamo nyumbani. Akijibu *Walifika jana*, anasimulia tu kuwasili kwao. Huenda wapo, huenda wamekwisha kuondoka. Kwa Kiingereza majibu yote mawili huanza na *They arrived yesterday*, na kuwapo kwao, ikiwa ni muhimu, hakuna budi kuelezwa kwa maneno mengine: *They arrived yesterday and are staying with us*.

Hapa tafsiri ya neno kwa neno hupoteza maana bila msomaji kutambua. Mfasiri mwangalifu hujiuliza kama -me- katika sentensi yenye tarehe imebeba habari ya hali iliyopo. Ikiwa imebeba, huitafutia mahali pengine.

Matukio ya historia hayana utata huo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya kivita ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Baada ya kushambuliwa na manowari za Uingereza, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Kwa Kiingereza ni *was scuttled on 11 July 1915*, kamwe si *has been scuttled*. Kadhalika Daraja la Mkapa, linalopitisha barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi juu ya Mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003: *was opened in 2003*. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika *limefunguliwa mwaka 2003* naye anakengeuka, kwa kuwa wasomaji hawaelezwi jambo geni; -li- ndiyo inayofaa.

Kipindi kikiwa hakijafungwa, *have* hurudi. Siku ya Jumatano mtu anaweza kusema *The boat has come twice this week*, yaani *Wiki hii boti imekuja mara mbili*, kwa sababu wiki bado haijaisha. Tofauti hii huwa nyembamba sana katika majira ya siku. Saa tatu asubuhi Mwingereza huuliza *Have you had tea this morning?* Saa kumi alasiri huuliza *Did you have tea this morning?* kwa kuwa asubuhi imekwisha kufungwa. Mswahili anaweza kuuliza *Umekunywa chai asubuhi?* katika saa zote mbili.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba Kiingereza si kimoja. Wasemaji wa Marekani hutumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na *just*, *already* na *yet* mahali ambapo Waingereza wengi hupendelea *have*: *Did the boat come yet?* kwa *Has the boat come yet?* Mfasiri anayetoka Kiingereza cha Marekani kwenda Kiswahili asidhani kwamba kila umbo la wakati uliopita linadai -li-. Swali hilo ni *Boti imeshakuja?*, si *Boti ilikuja?*

Haijafika na haikufika: ukanushi wenye uzito

Katika Kiswahili, -me- hukanushwa kwa -ja-, na -li- hukanushwa kwa -ku-. Tofauti ya viambishi hivi viwili ni kubwa kuliko tofauti ya -me- na -li- katika uyakinishi, kwa sababu -ja- huacha mlango wazi na -ku- huufunga.

- Boti haijafika. — *The boat has not arrived yet.*
- Boti haikufika. — *The boat did not arrive.*

Nyamisati ni mahali ambapo wasafiri wa Mafia hupandia vyombo vya kwenda Kilindoni. Abiria anayeambiwa pale gatini *haijafika* hukaa na mizigo yake akangoja. Anayeambiwa *haikufika* hutafuta usafiri wa kurudi. Aliye upande wa pili wa bahari, akingoja ndugu zake walioondoka alfajiri, atasema *hawajafika* maadamu anawatarajia. Siku atakayosema *hawakufika*, amekata tamaa au anasimulia jambo lililokwisha. Mfasiri wa simu ya namna hiyo, akiandika *They did not arrive* kwa *hawajafika*, amewaondolea watu tumaini ambalo msemaji hakuliondoa. Na anayepokea ujumbe huo huenda asione haja ya kutuma chombo cha kuwatafuta.

Uzito huo huo umo katika maelezo ya watu waliopatwa na maafa. Mnamo Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na maji yakafunika mashamba na makazi. Tuseme kwamba wakati kama huo mkulima mmoja, ambaye tumemtunga kwa ajili ya mfano, anatoa maelezo haya:

*Shamba limefunikwa na maji. Mpunga umeoza. Tumeandikishwa, lakini hatujapata mbegu.*

Mfasiri wa kwanza anaandika:

*The field was covered by water. The rice rotted. We were registered, but we did not receive seed.*

Mfasiri wa pili anaandika:

*The field is under water. The rice has rotted. We have been registered, but we have not yet received any seed.*

Hakuna kosa la sarufi katika tafsiri ya kwanza. Lakini katika tafsiri hiyo maji yalikuja yakaenda, mpunga ulioza zamani, uandikishaji ulipita, na ugawaji wa mbegu ulifanyika ukaisha, mkulima huyu akakosa. Mtu wa ofisini anayeisoma ana haki ya kuifunga faili. Katika tafsiri ya pili maji yapo, hasara ipo, jina limo katika orodha, na mbegu zinatarajiwa. Viambishi vinne vya mkulima, yaani -me- tatu na -ja- moja, vilikuwa ndiyo dai lenyewe. Mfasiri wa kwanza hakulikataa dai hilo. Alilihamishia tu katika wakati uliopita.

Tazama pia kwamba mfasiri wa pili hakutumia *have* kila mahali. *Limefunikwa* amelifanya *is under water*, kwa kuwa ni hali inayoonekana. *Umeoza* na *tumeandikishwa* amevifanya timilifu, kwa kuwa ni matukio ambayo athari yake inaendelea. *Hatujapata* amekiongezea *yet*, ili kuonyesha matarajio yaliyomo ndani ya -ja-. Neno hilo si la lazima kila mara: *hajaoa* kwa kawaida ni *He is not married*, na *yet* ingeweza kusikika kama shinikizo.

Kwenda na kuwahi kufika: uzoefu

Kiingereza hutumia *have* kwa jambo ambalo mtu amewahi kulifanya maishani, bila kujali lini: *Have you ever been to Mafia?* Kiambishi -me- pekee hakitoshelezi maana hii. *Umefika Mafia?* huweza kusikika kama swali la mtu anayepiga simu kujua kama mwenziwe amekwisha kushuka chomboni. Kiswahili huomba msaada wa -wahi au -sha-: *Umewahi kufika Mafia?* au *Umeshafika Mafia?* Ukanushi wake ni *Sijawahi kufika*, na hapo ndipo *never* ya Kiingereza inapopata mahali pake: *I have never been there*.

Tofauti ya *been* na *gone* huwapoteza wanafunzi wengi, nayo huwa wazi ikielezwa kwa Kiswahili:

- Amekwenda Mafia. — *She has gone to Mafia.* Hayupo hapa.
- Amewahi kwenda Mafia. — *She has been to Mafia.* Anapajua, yeye mwenyewe huenda yuko nasi.

Uzoefu wa Kiingereza una sharti moja zaidi: mwenye kuutenda awe bado anaweza kuutenda. Kwa sababu hiyo uzoefu wa marehemu husimuliwa kwa wakati uliopita: *My grandfather sailed to Mafia many times*. Kiswahili hukubaliana na hilo: *Babu yangu alikwenda Mafia mara nyingi*.

Maumbo *amekwisha kufika*, *amekwishafika*, *ameshafika* na *keshafika* ni ngazi za ufupisho wa jambo lile lile. La kwanza na la pili huonekana zaidi katika maandishi rasmi. La tatu limeenea katika usemi na uandishi wa leo. La nne ni la mazungumzo. Katika tafsiri, *already* huyatosha yote.

Tangu: jambo linaloendelea

*I have lived in Kibiti for ten years* husema kwamba msemaji angali anaishi Kibiti. *Nimeishi Kibiti miaka kumi* inaweza kusema hivyo, lakini pia inaweza kusemwa na mtu ambaye amehamia kwingine na anahesabu alikopitia. Palipo na hatari ya utata, Kiswahili kina njia zilizo wazi zaidi: *Nina miaka kumi hapa Kibiti*, au *Naishi Kibiti, na huu ni mwaka wa kumi*. Zote mbili zina wakati uliopo wa kawaida au hazina kiambishi cha njeo kabisa, na bado tafsiri yake ni *have lived*.

Vivyo hivyo kwa *tangu*. Kabla ya Daraja la Mkapa, magari yalivushwa Rufiji kwa pantoni. *Since 2003 vehicles have crossed the river by bridge* ni *Tangu mwaka 2003 magari yanavuka mto kwa daraja*. Wengi siku hizi wangeandika *yamekuwa yakivuka*. Muundo huo si kosa, na unafaa pale mwandishi anapotaka kusisitiza kwamba jambo limejirudia mara kwa mara katika kipindi kirefu: *Wavuvi wamekuwa wakilalamikia nyavu haramu*. Lakini ukitumika kila mahali ambapo Kiingereza kina *have been*, habari huwa nzito na msomaji huchoka. Mfasiri ajaribu kwanza -na-. Ikitosha, aishie hapo.

Vishazi rejeshi: -li- inapofanya kazi ya -me-

Katika Kiswahili sanifu cha leo, -me- haichukui kirejeshi ndani ya kitenzi. Hatusemi *ameyefika*, husema *ambaye amefika*, au, kwa kawaida zaidi, *aliyefika*. Matokeo yake ni kwamba -li- ya kishazi rejeshi haimaanishi wakati uliopita daima. Mara nyingi ni -me- iliyovaa vazi la -li-:

- mtu aliyevaa kofia — *the man wearing a hat*
- mtoto aliyelala — *the sleeping child*
- mti ulioanguka — *the fallen tree*
- mashamba yaliyofunikwa na maji — *the fields that are under water*
- familia zilizohama — *the families that have moved*

Anayefasiri *familia zilizohama* kuwa *the families that moved* hajakosea moja kwa moja, ila amechagua bila kuambiwa. Muktadha ndio utakaoamua. Ikiwa familia hizo zingali kwenye makazi ya muda, *have moved* inafaa. Ikiwa zilihama, zikarudi, na sasa jambo linasimuliwa, *moved* inatosha. Palipo na shaka, na matini ni ya kisheria au ya takwimu, mfasiri amwulize mwenye maneno.

Muda wa kuishi wa tamko

Sentensi yenye -me- ni ya kweli kwa saa inayosemwa. Mapema Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliharibu barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku hizo *Barabara imekatika* ilikuwa sentensi sahihi, nayo kwa msafiri aliyefika Kibiti akielekea kusini ilikuwa na maana moja: hakuna kupita. Kwa Kiingereza: *The road is cut*. Anayeandika ripoti ya tukio hilo mwaka unaofuata hawezi kuinukuu sentensi hiyo kama ilivyo katika maneno yake mwenyewe. Ni lazima aandike *Barabara ilikatika*, *The road was cut*. Vinginevyo atawazuia safari watu wasio na kizuizi.

Hali hiyo ikitazamwa kutoka wakati mwingine, vitenzi viwili hushirikiana. *Tulipofika, barabara ilikuwa imekatika* ni *When we got there, the road had been cut*, au, kama hali ndiyo inayosisitizwa, *was already cut*. *Atakuwa amefika* lina maana mbili. Linaweza kutabiri jambo la baadaye: *By evening he will have arrived*. Linaweza pia kueleza dhana ya msemaji kuhusu sasa: *He must have arrived by now*. Mfasiri asidanganywe na -ta-. Katika mazungumzo maana hii ya pili hutokea mara nyingi.

Namna ya kuchagua

Anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza ajiulize maswali haya kwa mpangilio:

1. Je, -me- inaeleza hali inayoonekana sasa: mkao, vazi, hisia, kiwango cha maji? Jaribu *is* au *are* kwanza.
2. Je, sentensi imetaja muda uliofungwa? Tumia wakati uliopita, kisha uangalie kama kuna hali iliyobaki ambayo inahitaji maneno yake.
3. Je, ni tukio ambalo athari yake ipo, na muda wake haukutajwa? Hapa ndipo *have* na -me- zinapokutana.
4. Je, ni -ja-? Tumia *have not*, na *yet* ikiwa jambo linatarajiwa. Usiibadilishe kuwa *did not*.

Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ajiulize:

1. Je, *have* inaeleza uzoefu? Tumia -wahi au -sha-.
2. Je, inaeleza jambo linaloendelea tangu zamani? Jaribu -na-, au *nina miaka kadhaa*, kabla ya -mekuwa -ki-.
3. Je, inaeleza tukio lenye matokeo ya sasa? Tumia -me-.
4. Je, ni *have not* kwa jambo linalotarajiwa? Tumia -ja-.

Kanuni hizi hazimwondolei mfasiri kazi ya kufikiri. Zinamkumbusha tu kwamba kabla ya kuandika *has* au *was* kuna mtu aliyesimama mahali fulani, akaangalia maji, shamba au bahari, kisha akasema alichokiona. Akisema *yamekupwa*, maji hayapo. Akisema *hawajafika*, bado anangoja.